TUIULIZE NJIA KABLA YA KULIULIZA GARI

Miongoni mwa majina ya vituo vya njia ya zamani ya misafara, ni machache yanayoeleza kazi ya mahali penyewe waziwazi kama jina la Tura. Msafara uliotoka Bagamoyo na kuimaliza Ugogo ulikuwa bado haujakutana na kazi yake kubwa. Mbele yake ulitandazwa Mgunda Mkali, nyika ya miiba na vichaka isiyo na vijiji, ambayo maji yake yalikuwa ya kubahatisha na ambayo kuivuka kulichukua siku nyingi. Ng'ambo ya pili, kijiji cha kwanza cha Unyamwezi kilikuwa Tura. Mwingereza Richard Burton, aliyepita hapo mwaka 1857 pamoja na mwenzake Speke, aliandika kwamba maana ya jina hilo ni "tua", yaani tua mzigo wako. Mpagazi aliyekuwa na frasila mbili begani, sawa na ratili sabini hivi, hakuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Njia hiyo ilibeba pembe za ndovu, nguo na shanga. Ilibeba pia watumwa, na hilo halifai kusahauliwa tunapoisifu. Iliviunganisha Visiwa vyetu na bara ya magharibi kwa biashara na kwa damu. Babake Hamed bin Muhammed, yule aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alikuwa mfanyabiashara wa Tabora, na mwanawe alizaliwa Unguja. Hadi leo zipo jamaa zenye mguu mmoja visiwani na mwingine Unyanyembe.

Mkuu wa msafara aliyechagua wapagazi dhaifu pwani hakuyaona makosa yake pale pwani. Aliyaona katikati ya Mgunda Mkali, wakati ambapo hakuna wa kuuza wala wa kuazima. Hili ndilo tunalotaka kulizungumza leo, kwa kuwa hali hiyo haijaondoka. Iliyobadilika ni aina ya mpagazi tu. Leo mpagazi ni gari. Tena si lori wala basi, bali yale magari ambayo watu mitaani huyaita "gari za juu": yaliyoinuka kidogo kuliko gari ndogo za kawaida, yasiyofikia ukubwa wa shangingi, na ambayo mtumishi wa kawaida huyapenda kwa sababu humpeleka kazini siku tano na kumchukua na watoto wake porini au kijijini siku ya sita.

Jambo hili lina uzito. Mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Tabora, au mwananchi wa Unguja mwenye biashara ya asali na mchele huko, hanunui gari kwa fedha za mfukoni. Huenda benki, hukopa, na mshahara wake hukatwa kwa miaka mitatu, minne au mitano. Gari likimfia mwaka wa kwanza, deni halifi nalo. Na kama litamfia usiku kati ya Itigi na Tura, akiwa na mke na watoto, basi kilichowekwa rehani kimezidi mshahara.

NJIA IMEBADILIKA

Kwa muda mrefu safari ya kutoka Manyoni hadi Tabora ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika. Lami ilijengwa vipande vipande. Kipande cha mwisho, kutoka Chaya hadi Nyahua, chenye urefu wa kilomita 85 na ushei, kilijengwa kwa mkopo wa Mfuko wa Kuwait na kuzinduliwa mwaka 2022. Kipande hicho ndicho kinachopita Tura. Sasa mtu aweza kutoka Manyoni na kufika Tabora, takribani kilomita 260, bila gurudumu lake kukanyaga udongo.

Mabadiliko haya yana maana kubwa kwa mnunuzi kuliko sifa zozote za muuzaji. Zamani aliyeishi Tabora alikuwa na udhuru wa kutaka gari zito la chesi, lenye gia za nguvu za kupandia. Leo, kwa safari ya kwenda Dodoma au Dar es Salaam, gari la juu la kawaida latosha, hula mafuta kidogo, na breki zake na uthabiti wake katika lami mara nyingi ni bora kuliko za gari zito lililochoka. Wakuu wa idara wanaoagiza magari ya ofisi nao wangelipima jambo hili. Si kila safari ya mkoani inahitaji shangingi, na fedha inayobaki ni fedha ya umma.

Lakini lami ni uzi mwembamba katika nchi kubwa. Ukiiacha barabara kuu hatua chache, unarudi katika udongo wa mbuga, ule mweusi ambao ukilowa hushika gurudumu kama ulimbo. Anayetaka kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ugalla, iliyoanzishwa mwaka 2019, au kuingia misitu ya miombo kufuata mizinga, ajue kwamba mvua za Tabora huanza kwa kawaida Novemba na kuendelea hadi Aprili. Katika miezi hiyo gari la juu si gari la porini. Kwa Kwihara, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, karibu na mji, gari lolote lililo zima litafika wakati wa kiangazi.

GARI HILI NI LA NAMNA GANI

Gari zito la zamani lina chesi ya chuma, na bodi imewekwa juu yake. Gari la juu la siku hizi halina chesi ya namna hiyo. Bodi na chesi ni kitu kimoja, kama gari ndogo. Toyota ilipotoa RAV4 mwaka 1994 ndipo aina hii ilipoanza kushika soko, na kampuni nyingine zikafuata: Honda kwa CR-V mwaka 1995, Subaru kwa Forester mwaka 1997, Nissan kwa X-Trail mwaka 2000. Mengi ya magari haya huvutwa na magurudumu ya mbele, na ya nyuma huitwa kusaidia pale ya mbele yanapoteleza. Mengi pia yameundwa bila msaada wowote wa nyuma. Kwa macho mawili hayo hayatofautiani: urefu ni ule ule, magurudumu ni yale yale. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi wa Tabora liwe hili: je, magurudumu yote manne yanavuta? Jibu litafutwe katika karatasi za gari na chini ya gari lenyewe, si katika herufi zilizobandikwa mlangoni.

Suzuki Escudo ya mwaka 2005 hadi katikati ya miaka ya 2010 iko kati kwa kati. Bodi yake imeimarishwa kwa chesi iliyounganishwa ndani, na nyingi zina gia ya nguvu. Ni gari la kunywa mafuta na si la raha katika lami ndefu, lakini kwa bwana shamba au mganga anayezungukia vijiji, lina hoja yake.

MAJINA NA SIFA ZAKE

Wanunuzi wengi huanza kwa RAV4, na hawana makosa. Mafundi wanaijua, na spea zake hupatikana hadi miji midogo. Ile ya mwaka 2000 hadi 2005, ambayo mitaani huitwa "Kilitime", imekwisha kuwa kongwe. Iliyofuata iliuzwa Japani hadi mwaka 2016, na baada ya hapo RAV4 haikuuzwa huko tena mpaka 2019. Ndiyo maana anayetafuta RAV4 ya mwaka 2017 kutoka Japani hataipata. Katika zile za miaka ya mwanzo, yaani 2006 hadi 2008, injini ya lita 2.4 imejulikana kwa kula oili, kiasi kwamba huko Marekani Toyota yenyewe ililazimika kurefusha dhamana. Mnunuzi apime oili, aendeshe, apime tena.

Harrier ya pili, ile ambayo utani wa mtaani umeipa jina la "Tako la Nyani", bado inapendwa, lakini umri umeikimbiza. Iliyotoka mwaka 2013 hadi 2020 yenye injini ya lita 2 ni gari tulivu, na ukitaka kuiuza huchelewi kupata mteja. Bei yake hulipiwa umaridadi kwa sehemu kubwa. Nyingi zilizoletwa huvutwa na magurudumu mawili tu.

Forester ya mwaka 2012 hadi 2018 ndiyo yenye sifa nzuri kwa anayeacha lami mara kwa mara. Imeinuka takriban sentimita 22 kutoka ardhini na magurudumu yote manne huvuta wakati wote. Injini yake mpya hutumia cheni badala ya ule mkanda wa zamani ambao ukikatika huharibu injini. Hata hivyo, zile za mwanzo, kabla ya 2015, nazo zilishitakiwa huko Marekani kwa kula oili, na si kila fundi wa mikoani ameizoea injini iliyolala.

X-Trail ya mwaka 2013 na kuendelea ni pana na bei yake ni nafuu. Sehemu yake ya kuangalia ni giaboksi. Hii ni ile isiyo na gia za hatua, bali mkanda wa chuma unaoteleza kati ya puli mbili. Nissan ilirefusha dhamana ya giaboksi hizo Marekani katika Rogue, ambalo ni gari lile lile kwa jina jingine. Giaboksi ya namna hii haipatani na joto, mzigo na oili isiyo yake. Atakayemimina oili yoyote iliyopo dukani amejiandalia gharama.

Mazda CX-5, iliyoanza mwaka 2012, ina giaboksi ya otomatiki ya kawaida yenye hatua sita, na hilo ni jambo la kheri. Ichaguliwe ile ya petroli. Ya dizeli, ambayo Japani iliuza nyingi, imesumbua kwa kujaza masizi, hasa ikitumiwa kwa safari fupi za mjini.

Safu hii ikilazimishwa kuamua, itasema hivi. Kwa mtumishi ambaye safari zake tisa kati ya kumi ni za lami, CX-5 ya petroli au Harrier ya lita 2 itamfaa. Kwa anayekwenda kijijini kila mwezi, Forester ya 2015 na kuendelea. Kwa yule ambaye fundi wake pekee ni yule wa jirani aliyekulia kwenye Toyota, RAV4 ya miaka ya mwisho, 2012 hadi 2016, bado ni uamuzi wa mtu mwenye akili.

UMRI WA GARI NA UMRI WA VILIVYOMO

Wengi hujiuliza kwa nini Mjapani auze gari zima. Sehemu ya jibu ni sheria ya ukaguzi ya kwao: gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama yake si ndogo. Anayeona ukaguzi unakaribia huona heri auze. Kwa hiyo gari laweza kuja likiwa zima kweli. Laweza pia kuja likiwa limegongwa na kunyooshwa. Karatasi ya mnada hulieleza hilo kwa herufi R, na muuzaji asiyetaka kuionyesha karatasi hiyo ameshajieleza mwenyewe. Kilomita zilizorudishwa nyuma nazo hugunduliwa kwa pedali iliyolika, usukani uliong'aa na kiti kilichobonyea. Njia ya mwongo ni fupi.

Umri una ushuru wake. Bara, ushuru wa uchakavu hupanda gari linapovuka miaka minane, na tena linapovuka kumi. Kenya imeweka kikomo cha miaka minane, na Uganda miaka kumi na mitano. Mnunuzi wetu basi apige hesabu kamili: gari la miaka kumi na mmoja linaloonekana rahisi laweza kufika mkononi mwake kwa gharama ya lile la miaka saba.

Yapo mambo matatu ambayo hayaandikwi katika matangazo. La kwanza ni matairi. Ubavuni mwa kila tairi zipo tarakimu nne: mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye 2314 lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2014, hata kama meno yake bado ni marefu. Tena magari mengi kutoka Japani huja na matairi ya theluji, yenye mpira laini. Tairi hilo katika lami ya Itigi saa nane mchana, gari likiwa limejaa abiria na mizigo, ni hatari tupu. Yabadilishwe kabla ya safari.

La pili ni tairi la akiba. Magari mengi mapya ya Japani hayana tairi hilo kabisa. Chini ya buti utakuta chupa ya gundi na pampu ndogo. Gundi hiyo huziba tundu la msumari, haizibi tairi lililochanika ubavu. Anayekwenda Tura bila tairi la akiba anategemea huruma ya madereva wa malori.

La tatu ni mfuko wa hewa unaofumka kumkinga dereva. Mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Takata, iliyofilisika mwaka 2017, iligunduliwa kwamba kemikali yake ikizeeka katika joto na unyevu huweza kulipuka kwa nguvu mno na kurusha vipande vya chuma. Mamilioni ya magari yaliitwa kurudishwa duniani, zikiwamo CR-V, Forester, X-Trail na RAV4 za miaka fulani. Gari lililouzwa nje kabla ya kurekebishwa limekuja na hatari yake. Namba ya chesi hutosha kuuliza katika tovuti ya kampuni iliyolitengeneza, na kuuliza ni bure. Pwani na visiwani, ambako joto na unyevu havikauki, swali hili lina haraka zaidi.

KWA WATU WA VISIWANI

Chumvi ni adui tunayemjua. Gari lililotumika kaskazini mwa Japani, ambako barabara za theluji humwagiwa chumvi, huja likiwa na kutu kifuani, na likikaa Unguja au Pemba kutu hiyo hupata ndugu zake. Litazamwe chini kwa tochi kabla ya rangi yake kusifiwa. Na likishavuka bahari katika meli, lioshwe chini kwa maji baridi.

Kisha kuna suala la namba. Gari lililosajiliwa Zanzibar na kupelekwa Bara lina taratibu zake za kodi na vibali, na jambo hilo limejadiliwa kwa miaka mingi katika vikao vya hoja za Muungano. Mtumishi anayetarajia kuhamia Tabora aulize mamlaka za mapato za pande zote mbili kabla ya kununua, si baada ya kufika bandarini Dar es Salaam. Huenda akaona ni nafuu kununua na kusajili huko huko aendako.

LINALOBAKI KWA SERIKALI NA KWETU

Serikali imefanya kazi kubwa ya kujenga njia. Yapo madogo ambayo yangeikamilisha. Kila gari linaposajiliwa kwa mara ya kwanza, namba yake ya chesi ingeweza kulinganishwa na orodha za magari yaliyoitwa kurudishwa, na mwenye gari akaarifiwa. Umri wa matairi ungeweza kuwa sehemu ya ukaguzi. Taasisi zinazokopesha watumishi fedha za magari zingeweza kudai ripoti ya fundi huru kabla ya kutoa mkopo, kwani gari likifa, mkopo nao huyumba. Haya hayahitaji mabilioni. Yanahitaji watu wa ofisi mbili tatu kukaa meza moja.

Kwetu sisi wanunuzi, utaratibu ni rahisi. Kwanza tuandike safari zetu za mwaka mzima: ngapi za mjini, ngapi za lami ndefu, ngapi za udongo, ngapi za masika. Pili tumjue fundi kabla ya kulijua gari, na tumuulize spea zipi zipo Tabora na zipi lazima zitoke Dar es Salaam. Tatu tubakize sehemu ya fedha ya kununulia: matairi, oili zote, mikanda, betri na breki, vyote vibadilishwe au vikaguliwe kabla ya safari ya kwanza ndefu. Anayemaliza fedha yake yote katika bei ya gari amenunua nusu ya gari.

Na tukishaondoka, tuheshimu vibao vya kilomita 50 kwa saa vijijini. Lami mpya imeleta mwendo mpya, lakini ng'ombe, baiskeli na watoto wa shule wa Uyui bado wanavuka kwa mwendo wao wa zamani. Reli iliyofika Tabora mwaka 1912 iliwapumzisha wapagazi, na lami ya 2022 imewapunguzia wasafiri siku za matope. Iliyobaki ni kazi ya kila mwenye ufunguo mkononi: kuhakikisha kwamba aliowapakia nyumbani ndio atakaowateremsha Tura, wazima na kwa hesabu ile ile.